Plasta Nilizokata Nusu

Jicho la kushoto la binti yangu lilinigharimu shilingi elfu sabini na moja, mia mbili na hamsini. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa kichwa, halafu kwa risiti ninazoziweka ndani ya mkebe wa majani chai. Kuna nauli za kwenda Kitui na kurudi, kuna plasta, kuna upasuaji wenyewe, kuna hata soda niliyonunua nikingoja nje ya chumba cha upasuaji na ambayo sikuinywa. Ili kupata sehemu kubwa ya pesa hizo niliuza mtamba wangu, ng'ombe ambaye hajazaa bado, kwa elfu arobaini na nane. Mnunuzi aliona nina haraka, kwa hivyo hakuongeza hata mia. Simlaumu, hata mimi singeongeza.

Lakini kile kinachonikosesha raha hakimo kwenye mkebe, kwa sababu hakikuwa na risiti.

Mimi nauza matunda. Nanunua machungwa na matomoko kwa wakulima wa Kilungu, nauza Tawa siku nyingi za wiki, na siku ya soko la Tulia navuka upande wa Kitui na makreti yangu. Miaka kumi na minane ya kazi hii imenifunza kwamba hakuna bei ya kwanza iliyo ya kweli. Mkulima akitaja mia tano, moyoni ana mia tatu na nusu. Mteja akisema hana pesa, pesa iko, ila imelala ndani ya soksi. Nimewalisha watu wanne kwa imani hiyo. Ningekuwa na imani kama hiyo kanisani, ningekuwa mchungaji.

Binti yangu alikuwa na miaka sita nilipoanza kuliona jicho lake likitoka. Kutoka ndilo neno nililotumia, sikuwa na lingine. Alikuwa akichoka, au akitazama kitu cha mbali, jicho la kushoto linateleza polepole kuelekea sikio, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu anayejisogezea majani. Ukimwita, anapepesa, jicho linarudi mahali pake, unabaki kujiuliza kama uliona vizuri. Kwenye jua kali alilifunga kabisa. Nikawa namgombeza: "Wewe, acha kukonyeza watu, hujafika umri huo."

Nilimgombeza miezi mingi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hilo weka kando kwanza, kwa sababu si kubwa.

Siku za likizo nilikuwa naenda naye sokoni. Siku moja pale Tulia, mama mmoja mnene wa kununua machungwa kumi na kuomba moja la nyongeza alimtazama akacheka.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama kwa Kikamba, "huyu mtoto ananiangalia mimi ama anaangalia matomoko?"

"Anakuangalia wewe na anaangalia matomoko," nikamjibu. "Ndiyo sababu nimemwajiri. Ukiiba huku anaona, ukiiba kule anaona."

Watu wakacheka. Binti yangu naye akacheka, kwa sababu mama yake amechekesha watu. Basi nikaiweka ile kauli kuwa bidhaa. Kila siku ya soko, mteja akichelewa kuamua, naitoa: "Harakisha, mlinzi wangu ana macho ya pande mbili." Wanacheka, wananunua. Sijui niliuza machungwa mangapi kwa jicho lile. Ni hesabu pekee ambayo sijawahi kutaka kuifanya.

Mwalimu wake ndiye aliyenishtua. Aliniita shuleni akaniambia, "Mama, mtoto akisoma ubaoni, jicho moja linasoma, lingine linaenda nje kucheza. Mpeleke kliniki ya macho."

Tukaenda Kitui. Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na saa kubwa ya mkononi. Alimwonyesha binti yangu picha ndogo ukutani, akaziba jicho hili kwa kitu cheusi kama mwiko mdogo, akaziba lile, akatazama lipi linakimbia na lipi linarudi. Kisha akamvalisha miwani ya giza akamfungulia kitabu chenye picha ya nzi, nzi mkubwa kama kiganja.

"Mshike bawa," akamwambia.

Binti yangu akapeleka vidole viwili polepole, na kabla hajaigusa karatasi akabana hewa, juu kabisa, kama inchi mbili kutoka kwenye kitabu. Akarudisha mkono haraka. "Ananiuma!"

Mimi niliona picha tu. Daktari akanieleza kwamba anayetumia macho mawili kwa pamoja humwona yule nzi amesimama, bawa liko hewani. Asiyeyatumia pamoja huweka kidole juu ya karatasi. "Jicho linatoka, lakini bado linajua njia ya kurudi," akasema. "Tunataka lisisahau. Likisahau, ubongo unalizoea, na hiki kitu cha kuona nzi amesimama kinapotea. Kukirudisha ni kazi ngumu."

Akanipa agizo. Nibandike plasta kwenye jicho la kulia, lile zuri, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Masaa mawili kila siku, mtoto akiwa macho, akisoma au akichambua kitu cha karibu. Miezi sita. Akanipa na karatasi ya visanduku, kila siku kisanduku chake, nitie alama tukimaliza masaa mawili.

"Daktari," nikasema, "masaa mawili ni mengi. Haiwezi kuwa moja?"

Akacheka. "Mama, hapa si sokoni."

Sasa mtu mwingine angesikia hapo neno la mwisho. Mimi nilisikia kicheko. Kwangu mwuzaji akicheka ukimtajia nusu ya bei, ujue nusu inawezekana. Anayekataa kweli hukunja uso na kufunga gunia. Nikatoka pale nikijua kabisa, kama ninavyojua uzito wa kreti, kwamba yule daktari ametaja mawili ili mimi nifanye moja. Nikamheshimu hata. Nikasema, msichana mdogo lakini anajua biashara.

Jioni nilimpigia simu baba yake, ambaye anafanya kazi ya ujenzi Mombasa. Swali lake la kwanza likawa, "Na uliuliza bei ya mwisho?" Huo ndio ukoo wetu.

Tukaanza na saa moja. Plasta zilikuwa pakiti ya hamsini na kila moja ilikuwa ya kutumika mara moja, kitu ambacho sikukubaliana nacho tangu mwanzo. Wiki ya pili nikachukua makasi nikazikata nusu kwa nusu, hamsini zikawa mia. Nilijisikia nimeshinda mtu. Nusu plasta haizibi vizuri, upande wa chini inaachia, na binti yangu akagundua kwamba akiinua kidevu kidogo anachungulia kwa jicho zuri. Nilimwona akichungulia. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ametulia akichambua pojo, na kazi ilikuwa inaenda.

Saa moja ikawa nusu saa. Siku za soko hatukufunga kabisa, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza, wengine wanashika chungwa wanalirudisha. Jumapili hatukufunga kwa sababu kina mama wa kanisa walikuwa wakimwona na plasta wanataka kumwekea mikono, na maombi yao hayana kituo. Siku nyingine aligoma mwenyewe. Alilia kwamba plasta inavuta nyusi, akaibandua akaitupa, na mimi sikuiokota nikambandika tena. Nilisema, haya, leo umeshinda. Kwangu ilikuwa pumziko.

Ukiondoa siku za soko, na Jumapili, na siku za kugoma, sijui kama wiki nzima ilifikisha masaa mawili ambayo yalikuwa ya siku moja.

Ile karatasi ya visanduku niliikumbuka jioni moja kabla ya kurudi kliniki, na ilikuwa tupu. Nikaketi juu ya kreti nikaijaza yote. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, kwa sababu hakuna nyumba inayotumia kalamu moja miezi sita. Nikamwaga tone la chai pembeni. Visanduku vitatu nikaviacha bila alama, kwa sababu mtu asiyekosea hata siku moja haaminiki. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu akitazama.

"Mama, hizo ni za siku gani?"

"Ni za siku zote."

Akafikiri. "Hata ile niliitupa?"

"Hata hiyo."

Kliniki, daktari aliishika ile karatasi kama cheti. Akamwita mama mwingine aliyekuwa na mtoto mdogo mgongoni akamwambia, "Ona, huyu mama anatoka mbali, anauza sokoni, na amekosa siku tatu tu." Yule mama akaniangalia kwa wivu. Kisha daktari akamwinamia binti yangu. "Kwa hivyo umekuwa ukivaa plasta masaa mawili kila siku? Ni kweli?"

Binti yangu akageuka akanitazama. Alikuwa amechoka na safari. Jicho la kulia lilikuwa kwangu, la kushoto lilikuwa linaelekea mlangoni.

"Ni kweli, daktari," akasema.

Akafunguliwa kitabu cha nzi. Akavaa miwani. Akapeleka vidole viwili taratibu, vikashuka, vikashuka, vikatua juu ya karatasi. Akapapasa bawa kama mtu anayepangusa vumbi kwenye meza. "Leo amelala," akasema.

Daktari akaandika. "Kama mmefuata plasta hivi na bado tumefika hapa," akasema, "basi sitaki kungoja. Tutarekebisha misuli."

Sikiliza hapo. Alikata shauri kwa kutumia alama zangu. Kalamu ya bluu na ya nyeusi.

Nilikuwa na wiki tano za kusema ukweli kabla ya upasuaji. Niliuza mtamba. Nilienda kwa karani wa malipo nikapunguziwa elfu mbili baada ya mabishano ya karibu saa nzima, na nikasherehekea kwa kula chapati. Nafasi ya kusema ilikuja kila siku kama mteja asiyenunua, anasimama, anatazama, anaenda.

Asubuhi yenyewe, akiwa amevaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma, binti yangu aliniuliza, "Mama, daktari ataiangalia tena ile karatasi?"

"Hapana. Karatasi imeisha."

"Sawa," akasema, na uso wake ukalegea. Nilielewa kwamba hakuogopa kisu. Aliogopa tutashikwa.

Nesi alipokuja kumchukua nilisimama. Maneno yalikuwa mdomoni: daktari, ngoja kwanza, zile alama si za kweli. Lakini kabla sijayatoa nilijiuliza swali moja, na nitaliandika hapa kama lilivyokuwa. Nilijiuliza kama nikisema sasa watanirudishia pesa zote au watakata. Nikiwa bado nafikiria hilo, mlango ulifungwa.

Alitoka na jicho jekundu kama nyanya iliyoiva, amelegea kwa dawa, na macho yote mawili yalitazama mbele. Nilisimama upande huu wa kitanda, nikahamia upande ule. Nilihesabu mara mbili. Yote mawili yalinifuata. Baada ya wiki kadhaa alishika bawa la nzi hewani, si juu kama mara ya kwanza, ila hewani. Daktari akafurahi, akanionya kwamba misuli ya mtoto inaweza kusahau tena, nimwangalie. Nikasema nitaangalia. Kuangalia ni bure.

Hayo yalikuwa karibu miaka miwili iliyopita. Sasa ana miaka tisa. Miezi minne nyuma tulikuwa nje tunachambua mbaazi mchana, akainua uso kutazama mtu anayepita barabarani, na jicho la kushoto likatoka. Kidogo sana. Mtu mwingine hangeliona. Nilimwita. Lilichelewa kurudi.

Daktari alikuwa yule yule, na saa yake ile ile. Alimpima akasema si vibaya sana, na huenda asihitaji kupasuliwa mara ya pili tukiifuata plasta vizuri. "Lakini kwenu," akasema, "plasta haikusaidia wakati ule, kwa hivyo sina tumaini kubwa. Labda tufikirie upasuaji mapema."

Binti yangu alikuwa ametoka na nesi kupimwa miwani chumba cha pili. Nikamwambia daktari. Nilimwambia yote, ya makasi, ya siku za soko, ya kalamu mbili, na ya tone la chai. La tone la chai ndilo lililomfanya aweke kalamu yake mezani.



"Kwa hivyo nilimfanya mtoto apasuliwe kwa sababu ya plasta," nikasema, "na plasta angeweza kupona nayo?"

"Labda," akasema. "Wako wanaofuata kila siku na bado tunawapasua. Wako wanaopona. Mtoto wako alikuwa upande gani, sijui. Hiyo ndiyo shida, mama. Sasa hakuna mtu anayeweza kujua."

Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimekuja na majibu. Badala yake alitoa karatasi mpya ya visanduku. "Masaa mawili," akasema.

"Masaa mawili," nikasema.

"Na mtoto anajua ni kwa nini tulimpasua?"

Nilijifanya natafuta pochi.

Tangu siku hiyo plasta ni nzima, na karatasi anaishika mwenyewe. Ameitundika kwenye msumari karibu na saa ya ukutani. Nikimwambia muda umefika, toa, anatazama saa kwa jicho la kushoto, midomo inatembea, anahesabu, anarudia. "Bado dakika nne, mama." Nakaa nangoja dakika nne zangu. Hata Tulia anakaa kwenye kibanda na plasta yake, na anayeuliza kama inaambukiza namwambia akanunue kwingine. Ile kauli ya mlinzi sikuisema tena. Kuna mteja aliniomba niiseme, nikamwambia imeisha sokoni.

Ningeishia hapo ningekuwa mama mzuri aliyetubu. Lakini Jumamosi iliyopita, mchana, binti yangu alinijia na kopo la mafuta ya kujipaka, akaliinamisha juu ya gunia nililokuwa nimekalia. Zikatoka sarafu na noti mbili zilizokunjwa. Nyuma ya nyumba tuna mti wa ndimu, na mwenye kibanda cha chai hununua ndimu. Sikujua kwamba amekuwa akimpelekea.

"Ni mia tatu na arobaini," akasema. "Nimehesabu mara mbili."

"Za nini?"

"Za mtamba. Zimebaki elfu arobaini na saba, mia sita na sitini." Akaniona nimekaa mdomo wazi, akadhani sijaelewa hesabu. "Mama, uliuza mtamba kwa sababu jicho langu lilikataa. Na mimi nilikuwa natupa plasta. Halafu ukanifichia kwa daktari, ukanijazia karatasi, ili nisigombezwe."

Alisema "ukanifichia" kwa shukrani. Miaka hii yote ameubeba ule uongo akiamini niliusema kwa ajili yake. Anaamini yeye ndiye aliyekula ng'ombe.

Mkono wangu umezoea. Mtu akininyooshea pesa, unapokea kabla ya kichwa. Nilizipokea. Akafurahi, akaenda kubandika plasta, kwa sababu ilikuwa saa nane.

Zile pesa nimeziweka kwenye mkebe wa majani chai pamoja na risiti. Ndimu zinaiva, na ninavyomjua, mwisho wa mwezi ataleta nyingine. Nikimrudishia bila kusema kitu, atafikiri nakataa malipo kwa huruma, na deni lake litazidi kuwa zito. Nikimwambia ukweli, ninaogopa atabandua plasta na kuniuliza kwa nini aniamini nikisema masaa mawili, na jicho lake sasa linategemea aniamini. Nikingoja miezi hii ya plasta iishe ndipo niseme, nitakuwa nimekata nusu tena.

Kwa hivyo nawauliza ninyi mliolea watoto, na safari hii sitaki kupatana. Niseme leo, au ningoje jicho? Na hizi mia tatu na arobaini, nimrudishie kwanza ndipo niseme, au niseme kwanza, nimwachie yeye aamue ni nani kati yetu anayemdai mwenzake?